Matone Ambayo Hakuyatia

Kazi ya nesi huyu, siku nenda siku rudi, ilikuwa kutia watu matone machoni. Unamwinamisha mgonjwa kichwa nyuma, unavuta kope la chini, unamwambia atazame juu, tone kulia, tone kushoto, kisha unamkalisha kwenye benchi asubiri. Baada ya muda mboni zinafunguka, zinakuwa nyeusi na kubwa, na daktari wa macho anapata pa kuchungulia. Wagonjwa wakilalamika kwamba hawawezi hata kusoma simu, yeye huwatuliza: dawa yenyewe asili yake ni mmea, inalegeza misuli ya jicho tu, itaisha yenyewe. Aliyasema hayo kila siku huku akiwaza mambo yake mengine.

Na mambo yake mengine, tuseme kweli, yalikuwa mama mkwe wake.

Mama mkwe alikuja kutibiwa magoti. Magoti yakapona, mwenye magoti akabaki. Alikuwa fundi cherehani mstaafu, mwenye jicho la kuona mshono uliopinda kutoka mlango wa pili, na sasa jicho hilo halikuwa na kazi ila kukagua nyumba ya mwanawe. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu. Aliguna tu. Chumvi ikizidi, aliguna. Watoto wakitoka na soksi zisizofanana, aliguna. Nyama ilimshinda kwa sababu ya meno, kwa hiyo alipikiwa mboga za majani za peke yake, na siku moja akazisogeza pembeni, akasema kwa upole, "Mwanangu, hizi ni za jana."

Zilikuwa za jana kweli. Hilo ndilo lililomchoma.

Kesho yake, saa ya mapumziko ya mchana, nesi alipita nyuma ya kliniki, kwenye kiwanja kilichojaa magugu ambako watu huchuma mboga za bure. Alichuma kwa hasira, akijibizana moyoni na mtu ambaye hakuwepo: unataka mbichi, nitakuletea mbichi. Akajaza mfuko bila kutazama jani hata moja. Akafika nyumbani, akapika, akamwekea mama mkwe bakuli lake, akakimbia kurudi kazini.

Hajakaa sawa, simu ikalia. Alikuwa jirani, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia. "Njoo nyumbani haraka," alisema. "Mama yenu kachanganyikiwa."

Alimkuta uani. Gauni ameshalivua, amebaki na shimizi, uso umemwiva lakini hana hata tone la jasho. Majirani walikuwa wamejipanga ukutani, mikono midomoni. Mama mkwe hakuwaona. Alikuwa akichomoa nyuzi hewani, akizilowesha ncha kwa ulimi mkavu, akizitia kwenye sindano isiyokuwepo, huku akimweleza mteja fulani kwamba bega hilo litabana. "Joto," alisema, akaanza kuvua na shimizi.

Nesi alimrukia, akamzungushia shuka iliyokuwa kwenye kamba. Halafu, kwa mazoea tu ya kazi, akamvuta kope la chini. Mboni zilikuwa zimefunguka kabisa. Jua la mchana lilikuwa linampiga usoni na hazikujali.

Akajua papo hapo. Mafunzoni waliwahi kuonyeshwa picha ya mmea wenyewe: mnanaha, wenye maua meupe marefu na matunda ya miiba. Ndani yake mna atropini, ile ile ya matone. Jichoni, tone moja, hufungua mboni basi. Ukiila bakuli zima, inatembea na damu na kuziba njia za ujumbe wa mishipa ya fahamu kila inakofika. Mate yanakauka, jasho linagoma, moyo unakwenda mbio, na ikipanda kichwani mtu anaongea na wasiokuwepo kama anavyoongea na wewe. Si kama bangi, ambayo mvutaji mara nyingi anajua kwamba amelewa. Hii inamnyang'anya mtu hata habari hiyo.

Hospitalini walipokelewa na daktari kijana mwenye macho ya kukosa usingizi. Mume wa nesi alikuwa ameshafika kutoka kazini, amesimama kando ya kitanda, amekumbatia mkoba wa mama yake.

"Amekula nini leo?" daktari aliuliza.

"Chakula cha kawaida," nesi alijibu.

Daktari akamulika tochi. "Mbona mboni zimepanuka hivi?"

Nesi alimtazama mumewe. Akamwona na Mama Redio, ambaye alikuwa ameng'ang'ania kuja nao, na akasikia kabisa jinsi habari itakavyotangazwa: kamlisha mkwewe sumu. Hofu ilimshika. Lakini chini ya hofu palikuwa na kitu kingine, kidogo na kichafu, na alikisikia vizuri: wakisema ni wazimu, mama ataondoka.

"Ni mimi," alisema. "Nilimtia matone asubuhi, nilitaka kumpima macho. Nafanya kazi kliniki ya macho."

Daktari akaridhika. Mtu wa kazi kasema. Akaandika kuchanganyikiwa kwa sababu ya uzee, akaagiza dripu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nesi hakubanduka pale kitandani. Alihesabu mapigo ya moyo, alimnywesha maji kijiko kwa kijiko kila alipoweza kumeza, alimshika mikono isichomoe dripu, na muda wote alijichukia. Waliopita walimsifu. "Una mke, bwana," muuguzi mmoja alimwambia mumewe, na nesi akainamisha uso kwenye shuka. Wakadhani ni uchovu.

Sumu ilipomtoka mwilini, mama mkwe alitulia, akaruhusiwa kurudi nyumbani. Hakukumbuka chochote. Mama Redio alimkumbusha yote, bila kuruka hatua. Kwa upande wake, mume wa nesi alikuwa ameshaongea na kaka yake. Walikubaliana mama apelekwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yenye vyumba vinavyofungwa kwa nje. Alilia alipokuwa akimweleza mkewe, na mkewe akamwambia pole.

Nesi alipomletea mama mkwe chai, alimkuta ameketi kitandani, ameuelekea ukuta.

"Nilivua nguo mbele yao?"

"Shimizi haikutoka, mama."

"Lakini nilitaka kuivua." Hakugeuka. "Wewe ni mtu wa hospitali, mwanangu. Nipeleke wewe huko wanakonipeleka. Na uwaambie wasimruhusu mwanangu anione nikiwa hivyo tena. Naona aibu."

Nesi alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliweka chai chini. "Huna wazimu, mama. Ni zile mboga. Nilichuma bila kutazama."

Akamwambia yote: kiwanja, mboni, daktari, matone ambayo hakuyatia. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho.

"Daktari alipokuuliza, ulikuwa umeshajua?"

"Nilijua."

"Ulitaka niende."

"Ndiyo, mama."

Mama mkwe akasimama, akavaa gauni lake la kutokea, akafunga vifungo mpaka cha shingoni. "Waite," alisema. "Wote waliokuwepo uani, na mume wako. Haya uliyoniambia, waambie na wao."

Wakaja. Nesi alisimama pale pale ambapo mama mkwe aliwahi kusimama na shimizi, akawaeleza habari za majani. Alisema ni yeye aliyechuma, ni yeye aliyepika, na mama akili zake ni timamu kuliko zao wote. Sauti ilimkatika. Kabla hajavuta pumzi, wanawake walikuwa wameshamzunguka.

"Pole jamani, ni bahati mbaya tu," alisema mmoja.

"Hata mimi ningekosea, majani yote ni kijani tu," alisema Mama Redio.

Mumewe alimshika bega, akacheka na kulia kwa pamoja. Mama haendi popote, alisema. Alimshukuru mkewe mbele ya watu kwa kuwa na moyo wa kukiri.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda. Alimtazama mkaza mwana wake, akingoja sehemu iliyobaki.

Nesi alifungua mdomo. Mkono wa mumewe ulikuwa bado begani.

"Ni hayo tu," alisema.

Mama mkwe aliwashukuru majirani kwa kuja, mmoja mmoja, akawasindikiza mpaka mlangoni. Halafu akaingia jikoni, akachukua sufuria ndogo, akaiosha mara mbili, na akajipikia chakula cha mtu mmoja.