Walioinamia Tangi

Mama Bomba alikuwa anasugua mabomba ya maji kwa majivu karakanani, kama kila asubuhi, maana bomba likibaki na mafuta hata ya alama ya kidole, nikeli, ile madini nyeupe ya kuyang'arisha, hailishiki. Aliyasuuza, akayafunga kwa waya, akayatumbukiza tangini na kuwasha umeme. Nikeli na chuma vikaanza kutoka kwenye yale maji ya kijani na kujipaka juu ya mabomba polepole, utando mwembamba kama wa maziwa yaliyopoa. Tatizo lilikuwa mapovu. Kila povu liking'ang'ania bomba, liliacha kishimo, na wateja walilalamika kwamba wanauziwa mabomba yenye ndui.

Siku hiyo alikuwa ameokota sumaku ya spika iliyoungua. Aliiegemeza ubavuni mwa tangi, kwa kuwa sakafu ilikuwa imelowa. Maji yakaanza kujizungusha taratibu, mapovu yakaachia, na utando ukatoka laini kama ganda la yai.

"Kama ndogo imefanya hivi," bosi alisema, "kubwa itafanyaje?"

Akaleta sumaku ya winchi kutoka yadi ya vyuma chakavu, kubwa kama gurudumu la lori. Wakaifunga ukutani nyuma ya tangi. Mabomba yakang'aa. Wafanyakazi wakainama.

Mzee Brashi, mpiga msasa aliyekaa pale muda mrefu kuliko wote, ndiye aliyeinama zaidi. Alisimama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, ila yeye hakuegemea chochote. Mama Bomba aliinama kiasi cha mti uliozoea upepo. Bosi, ambaye ofisi yake ilikuwa ng'ambo ya ua, alisimama wima. Waliovuta moshi wa tangi miaka yote hiyo walikuwa na vyuma vifuani, na sumaku ilikuwa inavidai. Feni ya kutolea moshi ilikufa zamani na hakuna aliyeizika. Ilining'inia pale juu na utando wa buibui wake.

"Mzee Brashi, leo umelewa mapema," Mama Bomba alimtania.

"Nimelewa nikeli, shemeji. Ya bure."

Bosi aliwazunguka, akaagiza meza zikatwe miguu ya upande mmoja ili zilingane na watu.

"Na feni, bosi?"

"Tutaiangalia," alisema. Akaiangalia, akaenda zake.

Mchana binti wa Mama Bomba alileta chakula. Alikuwa amemaliza shule, na mama yake alishambembeleza bosi mpaka akachoka ili naye apewe kazi pale. Binti alipita mbele ya tangi. Kijiko kilimchomoka mkononi, kikaruka na kunasa kwenye sumaku. Yeye mwenyewe hakuyumba.

"Mtazameni," Mzee Brashi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa kichanga. "Mzima."

Bosi alichungulia dirishani. "Ndiye huyo? Aanze Jumatatu."

Mama Bomba alifuta mikono kwenye kanga yake. "Hataanza."

"Si wewe uliyekuwa unanilalia mlangoni?"

"Ni mimi, bosi. Na asante. Hataanza."

Jioni walitoka pamoja. Mama Bomba alipovuka geti alinyooka, kama walivyonyooka wote wakitoka.

"Mama, umenikatia riziki!" binti alifoka. "Mbona wewe unafanya hapohapo?"

"Ndiyo maana."

"Sasa nitafanya nini?"

"Samaki hukunjwa angali mbichi, mwanangu. Mimi nakutaka hivyohivyo ulivyonyooka."

Kabla ya kufika nyumbani walipitia kwa fundi vioo, anayefanyia kazi uani, penye hewa safi. Mama Bomba alianza kubembeleza upya. Fundi alisema anaogopa watu wenye haraka. Akaambiwa huyu hata kuamka haamki haraka.

Ile nafasi bosi alimpa mtu mwingine, aliyekuja wima. Mama Bomba alimkalisha karibu na mlango na kumfunga kitambaa kibichi puani. Feni haikuguswa. Meza zilikatwa miguu tena.

Asubuhi moja, akiwa ameinamia tangi, alimwona binti yake akipita barabarani na kioo kikubwa begani, mawingu yakitembea ndani yake.

"Usikimbie na kioo, wewe!"

"Sikimbii, mama," binti alijibu, akipita usawa wa sumaku bila kupinda hata kidogo. "Natembea tu."