Sajini Edith na Shule Tatu za Habari

Edith Chola aliikasirikia redio miaka miwili kabla ya kufikiria kuifanyia kazi. Jeshini alikuwa mtu wa mawasiliano, yule anayebeba chombo mgongoni na kusema na makao makuu wakati wenzake wanafyatua risasi. Siku kikosi chao kilipovamiwa mlimani, huko mashariki, ni yeye aliyeyatamka redioni majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, huku sikio lake la kushoto likitoka damu kwa mshindo wa kombora. Jina la kwanza lilikuwa la Mwenya, rafiki yake waliyelala naye hema moja. Jioni ile redio ya raia ikatangaza kwamba hali kule ni shwari na hakuna aliyepoteza maisha. Kisha ukafuata muziki.

Sikio halikupona. Jeshi likampa cheti na kumuaga, naye akarudi Lubumbashi, akafikia kwa dada yake mkubwa Delphine, aliyemwita Yaya, muuza samaki wa soko la Ruashi. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na diploma yake ya sekondari ilikuwa bado safi ndani ya plastiki. Akasema atasoma uandishi wa habari.

"Juu ya nini?" Delphine aliuliza sababu, akiwapanga samaki kichwa kwa mkia. "Benzako banasoma infirmière, banatunza bagonjwa. Wewe unataka kusema mu radio?"

"Sitaki kusema, Yaya. Nataka kuuliza. Ule muntu alisema hakuna muntu alikufa, nani alimuambia?"

Delphine akawafukuza nzi kwa kitambaa.

Edith alianza na chuo kikubwa, kile ambacho kila mtu mjini anakitaja kwa heshima. Mkuu wa idara, Profesa Mbuyi, alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti, akamuuliza habari za nyumbani. Kisha akakisoma cheti cha jeshi, na ukarimu wake ukakunjwa kama mkeka baada ya matanga.

"Mama, kwa nini usisome criminologie, masomo ya uhalifu? Askari anafundishwa kutii. Journaliste anafundishwa kuuliza. Bintu mbili hizo haziendake pamoja."

"Professeur, mimi nilikuwa nauliza kila siku. Muko wapi, muko bangapi, nani ameumia. Kama siulize, bantu banakufa."

Profesa alitabasamu kama mtu anayemsikiliza mtoto akihesabu. "Na tena batoto betu ba première année, ba mwaka wa kwanza, beko bado badogo. Batakuogopa."

Edith alitazama nje ya dirisha. Vijana walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakicheka na kupigiana picha, na mmoja wao dakika chache kabla alikuwa amemwelekeza njia na kumwita mama. Damu ikampanda usoni.

"Banalala usingizi, Professeur. Banalala muzuri. Nani alikuwa kule ili balale? Leo njo niko munyama?"

Profesa akasema ombi lake litaangaliwa na atajulishwa. Edith aliijua sauti ile. Ndiyo sauti ya makao makuu inayosema msaada uko njiani, na wewe umeshaona barabara imekatika.

Shule ya pili ilimtafuta yenyewe. Ilikuwa taasisi mpya ya binafsi katikati ya mji, jengo la vioo lenye jina la Nyota ya Shaba, na mkurugenzi wake, kijana mmoja nadhifu aliyeitwa Merdi, alikuwa amesikia kanisani kuna mwanajeshi mwanamke anayetaka kuwa mwandishi. Alimpokea kwa mikono miwili. Atasoma bure mpaka mwisho! Delphine, ambaye siku hiyo alimsindikiza, alifanya ishara ya msalaba.

"Tutakupiga foto," Merdi alisema. "Na tenue yako ya kijeshi. Mukono huu bunduki, mukono huu micro ya kusemea. Tutabandika mu mji muzima: Alitupa bunduki, akachagua ukweli."

"Sikutupa bunduki," Edith alisema. "Nilirudisha. Na ukweli nilikuwa nao hata wakati ule."

"Ni maneno ya pub tu, ya kutangaza shule, Mama. Na kisha tutafanya émission, kipindi mu radio, wewe unaeleza. Bantu banapenda kujua mwanamuke anapata nini kule, katikati ya banaume. Unanielewa."

Alimwelewa sana. Chumba kizima kilimwelewa. Hata Delphine aliacha kutabasamu. Edith akaomba aonyeshwe studio. Merdi akababaika, akatafuta ufunguo, akaupata, akafungua. Ndani mlikuwa na meza nzuri yenye vitufe vingi, na nyuma yake hapakuwa na waya hata mmoja. Vipaza sauti vilikuwa bado na karatasi za dukani.

"Banafunzi bako banafanyiaka wapi kazi?"

"Hiyo itakuja. Image kwanza, sura ya shule."

Edith alitoka bila kuaga. Nje, Delphine alimkimbilia nyuma akipiga kelele kwamba bure haikataliwi, kwamba foto haiumi mtu, kwamba kiburi hakipikwi kikawa bukari, yaani ugali.

"Yaya, bananitaka kama kichwa cha ngombe kwa mulango ya buchari ya nyama!" Edith alisema, na watu wakageuka. "Ule mwengine ananiogopa, huyu anataka kuniuzisha. Hakuna mwenye aliniuliza kama nitajua kazi!"

Shule ya tatu alielekezwa na fundi wa redio. Ilikuwa chuo kidogo cha jioni upande wa Kampemba, nyuma ya gereji, na studio yake ilikuwa chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Lakini taa nyekundu ilikuwa inawaka na mwanafunzi alikuwa hewani akisoma habari za kipindupindu, mtaa kwa mtaa. Mwalimu mkuu, Princesse Mwelwa, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, hakukitazama hata cheti cha jeshi.

"Kule Kwa Chisanga, nje ya Ruashi, balibomoa nyumba za bantu juzi. Enda uone. Leta habari siku ya Ijumaa, halafu tutasema kama nafasi iko."

Kwa Chisanga ni mtaa mpya uliojengwa na wenyewe kwa matofali ya udongo, kando ya uzio wa kampuni moja ya mgodi. Sehemu iliyokaribia uzio ilikuwa imelazwa chini na katapila. Edith aliuliza huku na huku na kila mtu alimpa mgongo. Mwishowe mama mmoja aitwaye Nono, mkono wake umefungwa kwenye kitenge, alimwambia waziwazi: "Wewe unasimama sawa askari. Nani alikutuma?"

Kwa profesa alikuwa askari, kwa Merdi askari, na hapa kwenye vifusi askari. Akakaa chini, juu ya tofali, akasema ndiyo, alikuwa askari, sasa anatafuta shule. Nono naye akavuta tofali, akakaa. Kisha akaeleza: askari wanaolinda uzio walikuja mbele ya katapila, yeye alisimama mlangoni akiomba atoe kwanza masufuria, na mmoja wao akampiga kwa kitako cha bunduki.

Edith akaenda kwenye kituo cha askari kule uzioni. Aliyetoka alikuwa Guelord, koplo wake wa zamani, ndiye aliyembeba mgongoni na kumteremsha mlimani siku ile ya kombora.

"Sergent!" Guelord alimkumbatia, machozi karibu yamtoke. Edith alipomuuliza habari za nyumba, akamwachia. "Tulitumwa."

"Nani alibatuma?"

"Sergent, wewe unajua. Amri ni amri."

"Na ule mama, nani alimupiga?"

Guelord alitazama barabara. "Alikuwa anapiga makelele," akasema, polepole. "Nilifikiri nitamusukuma tu."

Siku ya Ijumaa Princesse aliisoma habari ile akiwa amesimama. Alipomaliza, alipiga kidole kwenye mstari mmoja. "Umeandika 'askari mumoja'. Jina unalo?"

"Ninalo."

"Iko wapi?"

"Nikiandika, kesho anafungwa yeye peke yake!" Edith alisema. "Na ule alimutuma anakunywa bia yake. Kila siku ni vile! Mudogo njo anakufa, mudogo njo anafungwa, na mukubwa hana jina!"

"Basi tafuta jina ya mukubwa."

"Huyu alinibeba mgongoni!"

"Nono hakubebwa na muntu," Princesse alisema. "Nono alivunjwa mukono. Ulinieleza mwenyewe: balificha majina ya benzako benye balikufa, ulikasirika. Sasa wewe unaficha. Majina yote mbili, ao hakuna habari."

Edith aliubamiza mlango hata trei moja ya mayai ikadondoka. Alitembea mpaka barabara kubwa akimtukana mwanamke yule kwa Kiswahili, Kifaransa na Lingala ya kambini. Alipochoka na matusi, akatambua jambo: katika mji huu wote, huyu ndiye wa kwanza kugombana naye kwa ajili ya kazi.

Kesho yake alirudi uzioni.

"Jina lako nitaandika," alimwambia Guelord. "Nimekuja nikuambie uso kwa uso, usisikie na bengine. Nipe ya ule alikutuma."

"Nilikubeba, Edith." Hakumwita sajini tena.

"Ulinibeba. Na ule mama ulimuvunja mukono. Sitasema moja nikameze ingine."

Guelord alitema mate chini, akaingia ndani. Siku mbili zikapita. Ya tatu, simu ya Edith ikalia. Guelord akataja cheo na jina la mkubwa mmoja, akataja na mtu wa kampuni aliyekuja na gari siku ya kutoa amri, akakata. Edith akampigia yule mkubwa. Alipojitambulisha, mkubwa akacheka. Aliposikia swali, akaacha kucheka. Kisha akamuuliza kama amesahau alikotoka.

"Sijasahau, mon colonel. Njo maana nauliza."

Princesse akampa nafasi, na habari ilisomwa jioni ya Jumatano kwenye redio ile ndogo ya chuo; Edith aliisoma mwenyewe, sauti ikikwaruza kidogo mwanzoni. Kampuni ikatoa taarifa kwamba haihusiki. Guelord akapelekwa kituo kingine, mbali, na yule mkubwa hajaguswa mpaka leo, jambo ambalo Edith hulisema kwa meno yaliyoumana kila anapoulizwa. Nono bado analala kwa shemeji yake. Lakini majirani zake waliosikia majina yakitajwa wamekwenda wote pamoja kwa wakili.

Delphine alikuwa hajasema na mdogo wake tangu alipoikataa ile nafasi ya bure. Kesho yake baada ya habari kusomwa akamwekea samaki pembeni, mkubwa, wa kula kabla ya masomo ya jioni.

"Nilisikia mu radio," akasema, akiendelea kupanga bidhaa zake. "Ule colonel, utamuuliza tena lini?"