Povu Ambalo Fundi Hakulipaka

Yule fundi wa gesi hakuitwa Sikio bure. Akishaunga mpira kwenye mtungi, alikuwa anainama, anatega sikio kwenye kiungio, ametulia kama mtu anayenong'onezwa siri. Ndipo apake povu la sabuni, aone kama litatoa viputo. Watu walimcheka, lakini gesi ikisumbua walimwita yeye.

Halafu homa ya virusi ikamlaza. Kifua kilipona, miguu ikapata nguvu, ila pua ilibaki haina habari na harufu yoyote, na masikio, jamani, yakaanza kupiga mluzi. Ssss, mchana kutwa. Hebu fikiria: sauti aliyoiogopa miaka yote ya kazi, leo imehamia kichwani mwake! Akawa anaamka kwenda kufunga mtungi, anarudi kitandani, anaamka tena. Kwa wateja alipaka povu, akafuta, akapaka upya, mpaka mmoja akamuuliza anafunga gesi au anaosha jiko. Moyo ukimwenda mbio, mluzi unapanda. Mluzi ukipanda, moyo nao ndiyo kwanza unazidi. Nyumbani aliung'oa mtungi akaupeleka uani, mkewe akabaki kupikia mkaa. Mwanamke wa watu akachoka, akamwambia wazi kwamba yeye haogopi gesi, anamwogopa mumewe.

Daktari wa masikio alimpima, akamweleza taratibu. Virusi vimepita, vimeacha kelele. Kelele inaleta hofu, na hofu inaipandisha kelele. Asiitii. Ikimwambia arudie kukagua kitu alichokwisha kukikagua, aiache isumbue mpaka ichoke yenyewe.

Sikio alilishika neno hilo kwa mikono miwili, ila alilishika nusu. Habari ya kitu kilichokwisha kukaguliwa ilimpita. Alichobaki nacho ni kwamba asiitii hofu.

Siku aliyoitwa na mwalimu mstaafu, mama mtu mzima anayeishi peke yake ghorofani, alikuwa ameanza kupata nafuu. Mwalimu alikaa kwenye kiti jikoni akimsimulia wajukuu wake walivyo watundu. Sikio akaunga mpira, akakaza kibano, akafungua koki. Ssss. Jasho likamtoka. Mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya maji ya sabuni, akaurudisha. Leo hunipati, aliiambia hofu yake kimoyomoyo. Akafunga mkoba huku akijisifu, kama mtoto aliyempita mbwa bila kukimbia. Povu hakulipaka hata mara moja. Akaaga, akamwambia mwalimu sasa anaweza kuchemsha chai yake.

Alishuka ngazi mwepesi. Chini kabisa, karibu na mlango wa kutokea, akasimama. Palikuwa kimya. Hapakuwa na mluzi, si kulia si kushoto. Machozi yakamlengalenga. Akatoa simu ampigie mkewe ampe habari njema.

Kidole kikaganda. Kama masikio yamenyamaza, kule jikoni kilikuwa kinalia nini?

Alivyozipanda zile ngazi hajui mpaka leo. Hakupiga hodi, aliusukuma mlango. Mwalimu alikuwa mbele ya jiko, birika limejaa maji, kiberiti mkono mmoja, njiti mkono wa pili.

"Usiwashe, mama!"

Akamnyang'anya kiberiti, akafunga koki, akafungua madirisha, akamtoa mpaka kwenye korido. Mwalimu akasema harufu aliisikia, ila alidhani mtungi mpya ndivyo unavyonuka. Na fundi mwenyewe si alishasema tayari?

Sikio akakaa chini. Angeweza kusingizia mpira mbovu, mama wa watu asingejua lolote.

"Nilisikia, mama," alisema. "Nilisikia, nikaondoka."

Mwalimu alimtazama, kisha akaitazama njiti iliyokuwa bado mkononi mwake. Hapo mluzi ukamrudia Sikio kichwani, ule ule, na hakujua aulaani au aushukuru.

Hewa ilipokuwa safi waliingia. Alikaza kiungio upya, akafungua koki, akapaka povu, safari hii mara moja tu. Mwalimu akavuta kiti, akaketi karibu yake. Wakalitazama povu limetulia, na hakuna kati yao aliyetaka kuwa wa kwanza kusema kwamba yameisha.