Mdomo wa Clive

Clive, mwimbaji wa bendi ya muziki wa panki, alikuwa akila chipsi garini, moja moja, akizipenyeza kwenye pembe ya kushoto ya mdomo kwa sababu pembe ya kulia ilikuwa imeshaungana. Maxine, dada yake na mpiga ngoma wa bendi, alimfuta siki kidevuni. Tangu kampuni ya rekodi ianze kumkatia maneno ya nyimbo, leo mstari huu, kesho ule, midomo ilikuwa ikifunga kama kidonda.

"Tumpeleke hospitali, Gerald."

"Wakatibu nini? Ngozi imepona," alijibu meneja, akiendesha.

"Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Dada, watu wanakuja kumtemea mate. Hawaji kanisani kusikiliza mahubiri."

Kweli, ndivyo mashabiki wa panki walivyoonyesha mapenzi, kwa kuwatemea mate wanamuziki. Bendi iliyoshuka jukwaani kavu ilijua imechokwa.

Walipofika mji wa Wolverhampton kwa onyesho, mdomo ulikuwa umeziba wote. Mpiga gitaa alinung'unika, kwa kuwa Clive ndiye aliyepiga kelele za moja-mbili-tatu-nne kabla ya kila wimbo. Ikabidi Maxine ahesabu kwa vijiti. Clive alishika kipaza sauti, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna kilichosikika. Ukumbi ukarukaruka kwa furaha, mate yakamnyeshea, naye hakuwa na pa kutolea yake. Maxine aliogopa. Aliendelea kupiga, maana alihisi akinyamaza na yeye, ndugu yake ndiyo kaisha.

Baadaye shabiki mmoja mwenye pini shavuni alimshika Maxine mkono. "Nimewaona mara nyingi, lakini leo ndo nimesikia kila neno!"

"Neno gani?"

"We! Si hayohayo."

Maxine akaweka vijiti chini, na bendi ikavunjika hapo hapo. Mpiga gitaa alisema afadhali, kashapata bendi ya harusi. Clive alirudi kwa mama yao, ambaye alimkaripia kwa kukonda, kisha akatafuta mrija mwembamba wa kumpitishia supu puani. Wakazoea.

Maxine alipokwenda ofisini kuchukua ngoma zake, alimkuta Gerald na kijana mpya, nywele za kijani, hasira tele. Gerald hakumwambia aimbe. Alimshika kidevu, akamgeuzia dirishani auone mdomo kwenye mwanga.

"Kimbia, mdogo wangu," Maxine alisema.

Kijana alicheka, kwa upande mmoja tu wa mdomo.

"Huyu atafaa," alisema Gerald, akampa kijana kalamu atie saini mkataba.