Sauti ya Isaiah Ondiek Ilivyobaki Kazini

Saa moja jioni Isaiah Ondiek alikuwa ameketi kwenye kigoda nyumbani kwake Kimumu, pembeni mwa Eldoret, akipukuchua mahindi, na wakati huo huo alikuwa redioni akisoma taarifa ya habari. Mkewe, Hulda, alikuwa akikata sukuma wiki. Mama yake, Mama Adero, alikuwa ametega sikio karibu kabisa na redio kwa sababu betri zilikuwa zimechoka, ingawa alizianika juani mchana kutwa. Habari ya kwanza ilikuwa ya mkuu wa nchi, kama kawaida, na ya pili ilikuwa ya watu waliomshukuru kwa ile ya kwanza.

"Leo ni kama ako na homa," Mama Adero alisema. "Hulda, mpatie ndimu."

Hulda akamkamulia Isaiah ndimu kwenye chai ya moto, naye akanywa bila ubishi. Taarifa ya saa tatu ilipofika, sauti ilikuwa imefunguka vizuri.

Redio hiyo ya taifa ilianza zamani za wazungu. Iliwasomea walowezi wa Uasin Gishu bei ya ngano, na Mwafrika aliyeisikia aliisikia akiwa anapiga pasi. Uhuru ulipokuja, jina likabadilishwa, nyimbo zikabadilishwa, viti vikaachwa. Ikawa na idhaa ya Kiswahili na ya Kiingereza na vipindi vya lugha za nyumbani. Ilifundisha watoto hesabu, ikawaambia wakulima habari za mvua, ikapeleka salamu za watu kwa watu, na mchana baada ya habari ikatangaza vifo. Hilo la mwisho ndilo lililoifanya iaminike. Huku magharibi watu hawakuchimba kaburi redio ikiwa bado haijasema. Mtu angeweza kukata roho mbele ya macho yako, lakini ukoo ungekaa ukingoja jina lake lisomwe, na majina ya wakwe zake, na siku mwili utakapotoka mochwari. Kufa kulikuwa kwa Mungu, kuwa marehemu kulikuwa kwa redio.

Isaiah alisoma vifo kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa kwenye habari. Alikuwa na sauti nzito yenye upole, na wajane wengi walisema msiba ukitangazwa na Ondiek unabebeka. Pengine angestaafu nayo, kama si swali la mdogo wake.

Mdogo wake, Ouma, alikuwa mwalimu wa historia katika shule moja upande wa Kesses. Mwaka ule wa ukame, mahindi ya manjano ya msaada yaliletwa, yakaonekana yakishushwa, kisha hayakuonekana tena. Ouma alisimama kwenye baraza akauliza yalikokwenda. Watu wakapiga makofi, na hayo makofi yakamwongezea kosa. Wiki hiyo hiyo Land Rover ikamchukua darasani, chaki ikiwa bado mkononi. Haukupita muda karatasi ya habari ikawekwa mbele ya Isaiah studioni Nairobi, ikisema mwalimu Ouma Ondiek ametoroka nchi na kukimbilia ng'ambo kwa maadui wa maendeleo waliokuwa wakimtuma.

"Hii sisomi," Isaiah alisema, na hilo ndilo neno la mwisho alilolisema kwa kinywa chake.

Hawakumpiga. Walimwambia tu arudishe mali ya ofisi. Akarudisha kitambulisho, funguo za kabati, hedifoni, na sauti. Karani wa stoo alivikagua kimoja kimoja, akaona vyote vizima, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Isaiah alipofika getini akitaka kumuaga askari, hakikutoka kitu. Jioni hiyo, akiwa kituo cha basi, aliisikia sauti yake kwenye redio ya kibanda cha chai ikiisoma ile habari ya Ouma, na haikukwama hata mahali pamoja.

Watu wa Kimumu hawakuliona kuwa jambo geni. Jirani yao Kituyi, aliyestaafu kazi ya reli, alisema hata reli ilikuwa hivyo hivyo. Yeye mwenyewe mgongo wake ulibaki Nakuru, na hajawahi kuudai.

"Wee shukuru Mungu, bwana Isaiah," Kituyi alimwambia. "Wamekuachia masikio."

Masikio ndiyo yaliyomtesa. Asubuhi, mchana na jioni Isaiah alijisikia akisema mambo ambayo asingeyasema hata kwa kutishiwa panga, na akiyasema vizuri, kwa lafudhi safi, akituliza pale panapohitaji kutulizwa. Aliichukia ile sauti jinsi mtu anavyomchukia ndugu aliyeuza shamba la baba. Lakini shida kubwa haikuwa chuki yake. Shida ilikuwa mama yake, ambaye aliamini kila neno.

Hulda alijaribu kumweleza. Isaiah aliandika kwa chaki kwenye mlango wa jikoni, naye Hulda akamsomea mama mkwe wake ambaye hakujua kusoma.

"Mama, Isaiah anasema Ouma hakutoroka. Anasema walimchukua."

"Isaiah amesema hivyo wapi?"

"Hapa, kwa mlango. Kwa chaki."

"Chaki ni ya dukani," Mama Adero alisema. "Mimi nilizaa sauti. Na hiyo sauti haijawahi kunidanganya. Hata akiwa mdogo, akiiba sukari alikuwa anakuja mwenyewe kuniambia."

Isaiah akafuta mlango kwa kitambaa. Mama Adero akarudi kwenye fulana ya sufu aliyokuwa akimfumia Ouma, kwani alikuwa amesikia kuwa ng'ambo kuna baridi kuliko hata Eldoret ya mwezi wa saba.

Mwezi wa saba huo huo, Jumapili watu wakitoka kanisani, Mzee Kipyego akaja. Alikuwa mlinzi wa mochwari mjini, mtu mpole wa maneno machache, na alikuwa akimfahamu Isaiah kwa sababu kila mchana alisikiliza matangazo ya vifo ili ajue ni mwili gani utakaokuja kuchukuliwa, aupange karibu na mlango. Hakutaka chai. Alisema kwake kuna kijana mmoja aliyeletwa na gari lisilo na namba, bila jina, na kwamba Ijumaa kaunsili ya mji ingewazika wote wasio na wenyewe.

Isaiah alikwenda naye siku hiyo hiyo. Akafunuliwa shuka. Sikio la kushoto lilikuwa na pengo, pale mbwa wa jirani alipolinyofoa Ouma akiwa mtoto. Isaiah alimwonyesha Kipyego kwa mikono kwamba huyu ni wake, kwamba anataka kumchukua.

"Najua ni wako," Kipyego alisema. "Lakini siwezi kukupatia. Wewe ndio ulisema kwa redio huyu mtu ako ng'ambo. Sasa mtu atakuwa ng'ambo na akuwe hapa kwa friji? Nikikupa, unajipinga mwenyewe, na mimi nafungwa. Lete mama. Mama akisimama hapa aseme huyu ni wangu, hakuna askari atamuuliza swali ingine. Hapo nitafungua mlango wa nyuma."

Lakini hata bila Kipyego, mambo yangekuwa yale yale. Kwao kina Ondiek, kule karibu na ziwa, mtoto hapelekwi nyumbani kuzikwa kwa kumruka mama. Kilio chake ndicho kinachofungua matanga. Asipolia yeye, wengine wote wanaolia wanajisumbua.

Tangu siku hiyo nyumba haikuwa na amani. Hulda alibembeleza, akanuna, akabembeleza tena. Isaiah alipiga magoti mbele ya mama yake, mtu mzima na mvi zake, akashika miguu yake na kulia machozi yasiyo na kelele. Mama Adero alimpapasa kichwa, akamwambia ajikaze, kwamba hata yeye anamkumbuka sana ndugu yake. Alhamisi asubuhi Hulda aliacha kubishana.

"Mama, tuende uangalie tu," alisema. "Kama si yeye, tunarudi, na sitakusumbua tena."

"Nitaenda ndio mninyamazie," Mama Adero alisema, akajifunga leso.

Lori la maziwa likawabeba hadi mjini. Mochwari ilikuwa chumba cha simenti chenye dirisha moja, na redio ya Kipyego ilikuwa hapo dirishani. Kipyego alimsalimia Mama Adero kwa mikono miwili, akamwongoza, akafunua shuka hadi kifuani.

Mama Adero aliangalia kwa muda mrefu. Akanyoosha mkono, akagusa paji la uso, akashuka kwenye shavu. Kidole kikafika kwenye sikio la kushoto, kikaingia kwenye lile pengo na kukaa humo. Kifua chake kikapanda. Hulda aliyemshika kiwiko alihisi mwili wote wa mama mkwe wake ukikusanyika kwa ajili ya kile kilio, na Isaiah akaona midomo ya mama yake ikifunguka.

Ndipo redio ikapiga zile ishara za saa saba.

"Hii ni taarifa ya habari," Isaiah alisema kutoka dirishani, "na msomaji wenu ni mimi, Isaiah Ondiek."

Mama Adero akageuza uso kuelekea dirishani, kidole kikiwa bado sikioni mwa maiti. Zikasomwa habari za mkuu wa nchi. Zikasomwa za waliomshukuru. Kisha sauti ikasema kwamba mwalimu mtoro, Ouma Ondiek, ameonekana katika mji mmoja wa ng'ambo akiwa buheri wa afya, akinywa kahawa na maadui wa maendeleo.

Isaiah alifungua mdomo. Aliupanua mpaka taya likalia, mishipa ya shingo ikamtoka, jasho likamtiririka katika chumba kile cha baridi. Alivuta kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kama mtu anayevuta ng'ombe aliyezama kwenye tope. Na kule dirishani sauti ikakwama. Ikanyamaza. Kipyego alisimama wima, na Hulda akaanza kuomba kwa kunong'ona, na kwa muda ule mfupi nchi nzima, kutoka ziwani hadi pwani, haikusikia kitu.

Sauti ikameza mate. Ikawaomba wasikilizaji radhi, ikairudia habari ya Ouma tangu mwanzo, polepole zaidi, ili asiachwe mtu.

Isaiah akafunga mdomo. Hapakuwa na la zaidi ambalo angeweza kufanya.

Mama Adero akautoa mkono wake. Akalivuta shuka mwenyewe, akamfunika yule kijana hadi kichwani, akalainisha mikunjo.

"Amefanana na yeye sana," alisema, akiiangalia redio. "Lakini mwanangu amesema ako ng'ambo, na ako mzima. Huyu ni wa mwingine. Pole kwa mamake, popote alipo."

Kipyego akasema ni sawa, Mama. Matangazo ya vifo yakaanza, naye akasogea karibu na dirisha kusikiliza, maana ilikuwa kazi yake.

Walipotoka nje, miguu ya Mama Adero ilikataa. Ilibidi Isaiah ambebe mgongoni hadi barabarani, naye alikuwa mwepesi ajabu. Hulda anashikilia mpaka leo kwamba mama alijua, kwamba alijua tangu kidole kilipogusa sikio. Wako waliomlaumu pale Kimumu. Ni rahisi kumlaumu mtu ambaye hujawekwa mahali pake, ukaambiwa uchague kati ya mtoto aliye chini ya shuka na mtoto anayekunywa kahawa. Mimi nalaumu wengine, na hao hawajawahi kupanda lori la maziwa.

Ijumaa kaunsili ikazika. Vibarua walifanya kazi haraka kwa sababu mvua ilikuwa imefunga upande wa Elgon View. Isaiah alikuwa hapo peke yake, akatupa udongo wake, akabaki amesimama. Kwao mwanamume anapozikwa kuna ngoma na vilio na ng'ombe wanaokimbizwa. Hapa palisikika sepetu tu, na baadaye mvua. Jina la Ouma halikusomwa mchana ule wala mchana mwingine wowote, kwa hiyo ukoo kule ziwani haukunyoa nywele, na shamba lake halikuguswa. Wanamngoja.

Sauti iliendelea kufanya kazi vizuri. Ilisoma habari za uchaguzi wa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea wao, ambapo waliopangiwa mstari mfupi walishinda wa mstari mrefu, na ikazisoma kwa namna ambayo hata waliosimama kwenye mstari mrefu walianza kuwa na wasiwasi na hesabu zao. Haikuomba likizo. Siku ya Jamhuri ikatunukiwa nishani kwa utumishi mwaminifu, ikajitangazia yenyewe, kwa unyenyekevu, ikamshukuru na mama yake wa Kimumu, Eldoret, kwa malezi mema. Majirani walikuja kwa pongezi. Kituyi alileta kuku.

Nishani yenyewe ilitumwa kwa posta, kwa kuwa sauti haina kifua. Ilikuja ndani ya kisanduku kidogo chekundu. Mama Adero aliifuta kwa ncha ya leso ingawa haikuwa na vumbi, akamwita Isaiah kutoka shambani, akamvisha koti la kanisani juu ya nguo za kazi. Pini ilimchoma Isaiah mara mbili kabla haijashika.

"Simama wima," alimwambia. "Ndugu yako akirudi, akute tuko sawa."

Isaiah akasimama wima.