Vidonge vya Jioni

"Mama Yasiri, kama homa iko imekwisha, damu munaitaka ya nini tena?"

Jirani yangu Stella Kiden aliniuliza hivyo siku ya pili ya dawa, mwanawe Lado akikimbiza kuku mbele yetu. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji hapa Dranya, kazi niliyopewa baada ya mume wangu kufariki. Nikamweleza kama tulivyoelezwa na watu wa utafiti waliomwandikisha Lado: wanalinganisha dawa mbili za malaria. Zote zinashusha homa. Ila mtoto aliyepona anaweza kubaki na mbegu za malaria katika damu, mbu akamnyonya, akazipeleka kwa mwingine. Wanataka kujua ni dawa ipi inaua na hizo mbegu.

"Mbu wa kwenu wamesoma," akasema. "Wa kwangu wanauma tu."

Kila asubuhi nilikwenda kumwona Lado akimeza, kama utafiti ulivyotaka. Jioni miguu ilikataa kilima cha kwenda kwa Kiden. Nikiisha kuswali magharibi nilifungua daftari, nikaandika "amemeza". Jioni zote tatu.

Siku ya saba Alionzi, nesi wa utafiti, alitoka Arua kumtoboa Lado kidole apime damu. Siku ya tisa akarudi kwangu, akamwita na Kiden pamoja na watoto. Lado homa hana, lakini vidudu vya malaria bado vimo katika damu yake.

"Mama Yasiri, alimeza dozi zote sita? Kama ni zote, naandika dawa imeshindwa."

Kiden alinitazama. Asubuhi ile, kwenye pampu ya maji, alikuwa ameniambia: za jioni alimpa Sitti, mdogo wake Lado. Sitti naye alikuwa na homa, utafiti ulimkataa kwa udogo, na kituo hakina dawa tangu mwezi uliopita. "Niponyeshe mmoja, huyu nimwangalie tu? Usiniseme, mama. Watamtoa Lado."

Sasa Sitti alikuwa amelala begani kwake, akihema upesi.

"Za jioni sikuona," nikasema. "Niliandika tu. Alizimeza Sitti, na bado anachemka."

Alionzi akaweka kalamu chini. "Na watoto wengine wa utafiti uliowaandika humu?"

"Na wale pia, za jioni niliandika tu."

Akachukua daftari langu, akalitia katika mkoba. Akampima Sitti, akampa dozi kamili ya kwake, akamtibu Lado upya na kumfuta katika orodha ya utafiti. Kiden akapokea vidonge kwa mikono miwili. Akamfunga Sitti mgongoni, akamshika Lado mkono, akashika njia ya kilima.