Ndoo ya Matambara

Kaka yangu Reino hakuchoma banda. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililopaswa kulisema miaka mitatu kabla hajafa, na sikulisema.

Banda lilikuwa la baba. Lilisimama nyuma ya nyumba, hatua thelathini kutoka mlango wa jikoni, na ndani yake baba alituachia meza yake ya useremala, randa, patasi na misumeno. Reino alipostaafu machimboni, na mimi nilipoacha kupika katika shule ya mji, tulianza kufufua samani za watu. Huku Michigan ya juu mtu akifiwa na mama yake hutoa makabati nje, akayapanga kando ya barabara na kikaratasi kilichoandikwa "Bure". Reino alipunguza mwendo wa gari hata kabla sijasema neno.

"Mama Msasa," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita kwa kusugua kwangu mbao, "kile kiti kina miguu mitatu."

"Wa nne utautengeneza wewe."

"Halafu nikishautengeneza, wewe unakipaka rangi ya matapishi kama lile kabati la juzi."

Alikuwa na haki ya kusema. Hatukununua rangi ya bei kamili hata siku moja. Duka la vifaa lilikuwa na rafu ya chini kabisa, walikoweka makopo yaliyochanganywa vibaya, rangi ambazo mteja alizifungua nyumbani akazirudisha kwa hasira. Zilikuwa kijani kisichojua kama ni kijani, au waridi la dawa ya kikohozi. Mimi nilizichanganya tena kwa kijiti hadi zikakubali. Na pale tulipotaka ubao uonekane ubao, nilipika dawa yangu mwenyewe. Nililoweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria ndani ya siki kwa siku tano. Nikapaka ubao chai ya rangi iliyokolea, ikikauka nikapitisha ile siki juu yake. Mwaloni hugeuka mweusi ukiutazama. Matambara niliyofutia niliyatupa kwenye boksi chini ya meza ya baba, na likijaa niliyafua. Miaka sita nilifanya hivyo. Siki haina neno.

Mwaka wa saba mjane mmoja alitupatia debe la mafuta ya mumewe, mafuta ya kitani ya kupakia mbao, debe lenye kutu ambalo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Jumamosi moja ya Julai nikayapaka kwenye meza kubwa ya kulia chakula. Ubao uliyanywa kama ulikuwa na kiu ya miaka. Reino alikuja akasimama, akapitisha kiganja juu yake.

"Leo umeacha matapishi," alisema.

Nilifurahi sana. Nilifuta mikono, nikayakunjakunja matambara yote, nikayatia kwenye boksi chini ya meza. Hayakutosha. Niliyasukuma kwa mguu ili yatoshe.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Reino alivuta sigara mlangoni pa banda kabla hatujaenda kanisani, kama alivyofanya kila siku, na pembeni yake palikuwa na kopo lake la mchanga la kuzimia. Tuliporudi adhuhuri, moshi ulikuwa umepita juu ya miti ya misonobari. Hakuumia mtu. Banda lote lilikwisha, pamoja na meza ya baba, zana zake na ile meza ya chakula.

Jirani yetu Urho Lampinen ndiye aliyekuwa mkuu wa zimamoto wa kujitolea. Alichimba na Reino mwamba mmoja kwa miaka ishirini na mbili. Alipekua majivu kwa ncha ya buti, akaliokota lile kopo la mchanga limepinduka.

"Reino, ulivuta hapa asubuhi?"

"Nilivuta. Nikaizima."

"Una hakika?"

"Nadhani niliizima."

Jioni, tukiwa mezani na supu imepoa, alisema, "Sikuizima, Lempi. Nimechoma mikono ya baba."

Hakuvuta tena tangu siku hiyo, yeye aliyevuta miaka arobaini na moja. Mji mdogo haukosi la kusema. Urho ndiye aliyeanza kumwita Kiberiti, kwa utani wa marafiki, na jina likashika. Kwenye sauna, chumba cha mvuke tunachooga kila Jumamosi, walimpigia kelele: "Kiberiti asikae karibu na jiko!" Reino alicheka nao. Halafu alihamia benchi la chini, mbali na jiko, kweli.

Hilo angelivumilia. Asilolivumilia lilitoka Milwaukee. Binti yake Marja alikuwa ameahidi kutuletea watoto wake wawili mwezi mzima wa Agosti. Reino alikuwa ameshakata miguu ya stuli ndefu akaifanya kiti cha mtoto, kwa ajili ya Eero, mdogo, aliyekuwa na miaka minne. Mimi nilikipaka rangi ya njano iliyokosewa, iliyokaribia rangi ya haradali. Kilipona moto kwa sababu kilikuwa kinakauka kibarazani. Wiki moja baada ya moto Marja alipiga simu, nikapokea.

"Shangazi, siwezi. Baba anasahau sigara inayowaka. Watoto wakiwa wamelala je? Niambie wewe, wakiwa wamelala je?"

Reino alikuwa karibu yangu, alisikia. "Ana haki," alisema, akatoka nje. Kile kiti alikiingiza ndani kila theluji ilipoanza, akakitoa kila ilipoyeyuka. Watoto hawakuja. Marja alikuja peke yake wakati wa Krismasi, akalala siku mbili.

Sasa nieleze langu.

Mwezi wa Mei uliofuata nilirudia kazi kidogo, pale kibarazani. Kwenye rafu ya chini nilipata kopo jipya la mafuta ya kupaka mbao, limebonyea tu ubavuni. Nililileta jikoni nikavaa miwani nisome jinsi ya kulitumia. Reino alikuwa ameketi mbele yangu akimenya viazi vya pai za nyama. Nyuma ya kopo, chini kabisa, kwa herufi nyekundu ndogo, waliandika kwamba matambara yenye mafuta yasikunjwe wala kurundikwa. Yatandazwe nje yakauke, moja moja, kwa sababu yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka pasipo moto.

Nilisoma mara tatu. Niliuona mguu wangu ukisukuma.

"Wamesema nini hapo, mbona umeganda?" Reino aliuliza.

"Namna ya kusafisha brashi."

"Brashi umesafisha maisha yako yote."

"Na mimi nashangaa," nilimjibu.

Alicheka, akaendelea na viazi.

Nilijiambia nitamweleza baada ya chakula. Halafu nitamweleza Jumapili. Halafu nikapata sababu, na ilikuwa sababu nzuri, ndiyo maana ilinifaa. Reino alikuwa ameacha sigara. Kifua chake cha vumbi la machimbo kilikuwa kimetulia kidogo. Urho mwenyewe alisema, "Moto ule umempa miaka kumi, mtaona." Nikawaza, akijua hakuchoma, si atawasha nyingine siku hiyohiyo? Nilimwachia kosa langu kama mtu anayemwachia mgonjwa dawa chungu. Watoto wa Marja sikuwatia kwenye hesabu hiyo. Nilijua kwamba nimewaacha nje.

Haikuwa miaka kumi. Januari mwaka huu alianza kukosa pumzi hata akifunga kamba za viatu, na Februari alikuwa hospitalini na mrija puani. Siku ya mwisho alipoweza kusema sawasawa alinishika kidole, si mkono, kidole kimoja, akasema, "Ukipata nafasi, mwambie Marja nilijaribu kuizima ile sigara. Sikumbuki, lakini naamini nilijaribu."

Mlango ulikuwa wazi. Muuguzi alikuwa amekwenda. Palikuwa na nafasi ya maneno yote.

"Nitamwambia," nilisema.

Huku hatuziki Februari, ardhi imeganda kwa baridi kama jiwe. Alingoja kwenye chumba cha makaburini hadi Mei. Tulipomshusha, udongo ulikuwa mweusi na laini. Kisha tukaenda ukumbi wa kanisa kunywa kahawa na mkate mtamu wa iliki, na watu wakaanza kumsimulia, kama ilivyo kawaida. Urho alisimama na kikombe chake.

"Rafiki yangu huyu," alisema, "alikuwa mtu pekee niliyemjua aliyeweza kuchoma banda zima akiwa ameketi kanisani anaimba!"

Ukumbi ulicheka. Ni kicheko cha upendo, nilikielewa. Marja naye alicheka huku akijifuta macho.

Nilisimama. Sijawahi kusema mbele ya watu, hata shuleni nilikuwa nikikimbilia jikoni. "Reino hakuchoma," nilisema. "Ni mimi. Ni matambara yangu ya mafuta. Niliyarundika kwenye boksi yakawaka yenyewe."

Halafu bibi mmoja akanivuta mkono niketi, akinipapasa kama paka. Urho alitikisa kichwa taratibu.

"Jamani, mnamwona? Mpaka leo anamfunika kaka yake. Lempi, matambara hayajiwashi. Tungekuwa tumeungua wote, maana nani hana matambara jikoni?"

"Urho, yanajiwasha. Wewe ni zimamoto."

"Mimi ni zimamoto wa misitu na mabomba ya moshi, dada. Kopo la mchanga nililiona kwa macho yangu."

Marja alinikumbatia. "Shangazi, huna haja ya kumsafisha baba. Tulishamsamehe zamani."

Tulishamsamehe. Reino amelala kule na msamaha wa kosa lisilo lake, na mimi nimebaki na sifa ya dada mwema.

Kwa hiyo niliwaambia wote wawili waje kwangu kesho yake saa nne asubuhi. Marja alikuwa akiondoka jioni. Urho alikuja na mpira wa maji begani, akicheka.

"Bibi ana maonyesho."

Nilitoa ndoo ya chuma ya kuzolea majivu ya sauna, nikaiweka katikati ya uwanja, pale banda lilipokuwa, ambapo nyasi bado huota kwa mabaka. Nikaweka boksi ndani ya ndoo. Nikaloweka matambara kwenye mafuta ya kitani, nikayakunjakunja, nikayatia. Hayakutosha. Nilimtazama Urho, nikamtazama Marja, nikainua mguu na kuyasukuma.

Jua lilikuwa kali kwa Mei. Urho alikaa kwenye ngazi. Marja hakuona pa kukaa, akachukua kile kiti cha njano kibarazani, akakalia, magoti yakamfika kifuani.

Saa sita, hakuna kitu. Nilileta kahawa.

"Hata paka angelala humo," Urho alisema. Alitia mkono ndani ya ndoo, akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliutia tena. "Kuna uvuguvugu."

"Ni jua hilo, mzee Urho," Marja alisema.

"Juu ni baridi. Uvuguvugu uko ndani."

Saa saba na nusu ilikuja harufu, kama samaki aliyekaangwa kwa mafuta ya zamani. Moshi wa kwanza ulitoka kwenye kona ya boksi, mwembamba kama uzi, ukapanda wima kwa sababu hapakuwa na upepo. Ukawa mnene. Karatasi ya boksi ikaingia weusi, na ulimi mdogo wa moto ukatoka, wa rangi ya njano, bila mtu yeyote kuuwasha.

Urho alifungua maji. Alipomaliza alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, maji yakiendelea kumwagika kwenye buti zake.

"Mimi ndiye niliyempa lile jina," alisema. Alirudi kwake akipitia uwanjani, mpira wa maji akauacha.

Marja hakuinuka. Alikuwa akiitazama ndoo.

"Ulijua lini, shangazi?"

Ningeweza kusema wiki iliyopita. Ningeweza kusema baada ya mazishi, na angeniamini. Wote wangeniamini, maana kawaida yao ni kunidhania mema.

"Mwaka uliofuata. Mei kama hii. Nilisoma kwenye kopo. Baba yako alikuwa ameketi jikoni anamenya viazi."

Alihesabu, niliona midomo yake. "Kwa hiyo ile Agosti ya mwaka ule..."

"Nilijua."

"Na iliyofuata."

"Nilijua."

"Na ya mwaka jana."

"Ndiyo."

"Alijua yeye?"

"Hapana. Aliniambia nikuambie kwamba alijaribu kuizima."

Aliinama, paji la uso juu ya magoti, kwenye kile kiti kidogo. Nilisogea, akainua mkono bila kunitazama, kiganja wazi. Nikasimama nilipokuwa. Baada ya muda aliinuka, akakigeuza kiti, akapitisha dole gumba pale Reino alipokata miguu na kuilainisha.

"Eero anatimiza miaka minane mwezi ujao," alisema. "Hakimtoshi."

Lakini alikibeba hadi kwenye gari, akakiweka kiti cha mbele, akakifunga mkanda. Aliondoka kabla ya saa tisa. Hajapiga simu, na huu ni mwezi wa saba tangu hapo.

Siku ile nilirudi kwenye ndoo. Ndani mlikuwa na matambara yaliyoungua nusu, yamelowa maji na masizi. Niliyatoa, nikayakamua, nikayatandaza kwenye uzio, moja moja, yasigusane, kama walivyoandika.